Njia Mbili za Mwanamichezo: Darasa la Mtandaoni na Mchezo wa Kujifunzia

Taaluma pacha ni jina linalofaa kwa hali ya mtu anayeshindana katika michezo ya kiwango cha juu na wakati huohuo anasoma, au anafanya kazi nyingine, bila kukusudia kuitupa mojawapo kwa ajili ya nyingine. Suala hili limepewa uzito wa pekee barani Ulaya. Mkataba wa Lisbon, ulioanza kutumika Desemba 2009, uliupa Umoja wa Ulaya nafasi ya kisheria ya kusaidia michezo, na mwaka 2012 ukatolewa mwongozo unaozitaka serikali, vyuo, mashirikisho ya michezo na waajiri washirikiane ili kijana mwenye kipaji asilazimike kuchagua kati ya uwanja na darasa. Tangu mwaka 2014 mpango wa Erasmus+, ambao wengi wanaufahamu kwa kuwapeleka wanafunzi kusoma nje ya nchi zao, umekuwa na fungu maalumu la michezo, na miongoni mwa miradi iliyogharimiwa kwa fungu hilo imo ya taaluma pacha, ambayo baadhi yake imezaa kozi za mtandaoni na michezo ya kompyuta inayomfundisha mwanamichezo namna ya kuyapanga maisha yake. Huenda ikamshangaza msomaji kwamba mtu ambaye mchezo ndiyo kazi yake apewe mchezo mwingine ili ajifunze kazi; lakini jambo hilo lina mantiki, na pia lina mipaka ambayo watengenezaji wa programu hizo si wepesi wa kuitaja.

Ili kuelewa tatizo lenyewe, yafaa kuanza na umri. Mwaka 2004 Paul Wylleman wa Ubelgiji na mwenzake David Lavallee walichora kielelezo cha safari ya mwanamichezo ambacho bado kinatumiwa na washauri wengi. Kwa mujibu wa kielelezo hicho, mtoto huingia katika mchezo akiwa na miaka 6 au 7 hivi, huanza mazoezi ya dhati kwenye miaka 12 au 13, hufikia kiwango cha juu kwenye miaka 18 au 19, na huacha mashindano anapokaribia miaka 30. Umri huo hutofautiana, kwa kuwa mchezaji wa sarakasi za jimnastiki hufikia kilele mapema na mkimbiaji wa marathoni huchelewa. Lakini ubora wa kielelezo haumo katika tarakimu hizo. Umo katika kule kuweka, sambamba na ngazi za michezo, mabadiliko ya nafsi, ya jamaa na marafiki, na ya masomo na kazi, hivi kwamba anayekisoma kutoka juu kwenda chini huona mambo mengi yakigongana mahali pamoja. Kijana wa miaka 18 anahama kutoka timu ya vijana kwenda ya wakubwa, anatoka sekondari kwenda chuo, anaondoka nyumbani kwa wazazi, na pengine anashika mshahara kwa mara ya kwanza, na yote hayo humfika ndani ya miezi michache, wakati ambapo kocha wake mpya, mhadhiri wake mpya na mwenye nyumba wake mpya hawajuani hata kwa majina.

Wapo waliofaulu kuubeba mzigo huo. Roger Bannister, alipokimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4 mjini Oxford tarehe 6 Mei 1954, alikuwa mwanafunzi wa udaktari, na baadaye akawa bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Mfano huo hupendwa na kila anayewahubiria vijana nidhamu, ila haufai kuwa kipimo cha leo, kwa sababu Bannister alikuwa akifanya mazoezi katika mapumziko ya mchana kisha akarudi hospitalini, ilhali muogeleaji wa siku hizi huingia majini alfajiri na jioni, katikati huenda kunyanyua vyuma na kukandwa misuli, na kwa wiki kadhaa kila mwaka huwa hayupo nchini. Wa karibu zaidi ni mfano wa Gabby Thomas wa Marekani, bingwa wa mita 200 katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, ambaye alisoma sayansi ya neva Harvard na kuongeza shahada ya uzamili ya afya ya jamii huko Texas akiwa tayari mkimbiaji wa kulipwa. Hata hivyo mifano ya namna hii ni ya watu wa ajabu, na sera ya umma haiwezi kujengwa juu ya watu wa ajabu.

Kwa walio wengi hatari haiko kwenye ratiba pekee. Wanasaikolojia wa michezo huzungumzia utambulisho wa kimichezo, yaani kiasi ambacho mtu hujitambua kwa mchezo wake na kutambuliwa hivyo na wengine, na wameona kwamba utambulisho huo ni nguvu inayomwamsha mtu saa kumi na moja alfajiri, lakini ukiwa ndio pekee alionao hugeuka kuwa kitanzi. Aliyezoea kuitwa mkimbiaji tangu utotoni, asiwe na jina jingine lolote, akiumia goti hupoteza zaidi ya kipato. Ndiyo maana washauri wanaouelewa mzigo huo hawaielezi elimu kama bima ya uzeeni tu, maneno ambayo kijana wa miaka 19 hayamwingii, bali huieleza kama chumba cha pili ndani ya nyumba yake, anamoweza kukaa wiki ile ambayo uwanjani mambo yamekwenda mrama.

Nchi za Ulaya hazikuufikia mwafaka mmoja kuhusu nani abebe jukumu la kuwasaidia wanamichezo wanaosoma. Ufaransa imeliweka mikononi mwa serikali: taasisi ya INSEP, iliyomo katika msitu wa Vincennes mjini Paris, inawaweka wanamichezo, makocha, madaktari na walimu ndani ya ukuta mmoja. Uswidi ilianzisha tangu miaka ya 1970 sekondari maalumu zinazochanganya masomo na mazoezi, ilhali Uingereza iliacha sehemu kubwa ya kazi kwa mashirikisho na vyuo, na mwaka 2004 ikaanzisha mpango wa ufadhili kwa wanafunzi wenye vipaji. Italia, kwa upande wake, imekuwa ikiwaajiri wanamichezo katika vikosi vya polisi na vya ushuru. Marcell Jacobs, aliyeshinda mita 100 katika Olimpiki ya Tokyo, ni wa kikosi cha michezo cha polisi, na Ujerumani huwa na wanamichezo wengi walio askari wa jeshi. Msomaji wa Kenya na Tanzania hatahitaji kuelezwa zaidi mtindo huo wa mwisho, kwa maana Kipchoge Keino alikuwa polisi, na Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa mwanajeshi kabla ya kuwa mwenye shule.

Kiswahili kina methali mbili zinazoonekana kuipinga sera yote hii: mshika mbili moja humponyoka, na njia mbili zilimshinda fisi. Dai la wenye sera ni kwamba fisi hakushindwa na njia, bali alikosa mtu wa kumpangia lini apite ipi. Ukiwasikiliza wanamichezo wanaosoma, kero yao kubwa si ugumu wa masomo, wala hata wingi wa saa zinazotakiwa, bali ni mgongano wa saa zisizosogezeka: mhadhara uko saa nne asubuhi na mazoezi ya timu ni saa hiyohiyo, mtihani ni Juni na mashindano ya kufuzu ni Juni. Kwa hiyo mtandao uliingia katika taaluma pacha kama chombo cha kuvunja mgongano wa saa na mahali.

Fikra yenyewe ni ya zamani kuliko intaneti. Elimu masafa, yaani elimu inayomfuata mwanafunzi aliko badala ya yeye kuifuata, ilipata heshima ya chuo kikuu kamili Uingereza ilipoanzisha Open University mwaka 1969, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1992 ni cha ukoo huohuo. Mtandao umebadilisha kasi na gharama yake. Venus Williams alipata shahada ya biashara mwaka 2015 kutoka Indiana University East, akisoma kwa mtandao huku akizunguka dunia kucheza tenisi, kupitia makubaliano kati ya chuo hicho na chama cha wachezaji tenisi wa kike. Alikuwa na umri wa miaka 35 na alikuwa ameshacheza kwa kulipwa kwa zaidi ya miaka 20. Makubaliano hayo yana maana kubwa kuliko teknolojia iliyotumika, kwani chama kilikaa na chuo kikakieleza kwamba wanafunzi wake watakuwa Melbourne Januari, Paris mwishoni mwa Mei na New York Agosti, na chuo kikakubali. Vincent Kompany naye, akiwa nahodha wa Manchester City, alisoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara katika chuo kikuu cha mjini humohumo, na utafiti wake ulihusu faida ambayo timu huipata kwa kucheza nyumbani. Huo ni mfano mzuri wa njia mbili kukutana, kwa sababu maarifa ya uwanjani yalikuwa ndiyo malighafi ya kazi ya darasani.

Masomo ya mtandaoni yako ya namna mbili, na kwa mwanamichezo tofauti yake si ndogo. Kuna ya papo kwa papo, ambapo mwalimu na wanafunzi huonana kwenye skrini kwa saa moja maalumu, na kuna ya wakati wowote, ambapo somo limerekodiwa au kuandikwa na mwanafunzi hulifungua anapoweza. Wakati ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoufunga ulimwengu mwaka 2020, na Olimpiki ya Tokyo ikaahirishwa kwa mwaka mzima, vyuo vingi vilihamia mtandaoni kwa haraka, lakini vingi vilihamisha ratiba vilevile ilivyokuwa, mhadhara wa saa nne ukabaki saa nne. Kwa mwanamichezo aliyeko kambini mlimani, darasa la namna hiyo halina nafuu yoyote zaidi ya kumpunguzia nauli. Nafuu iko katika namna ya pili, hasa somo likikatwa vipande vya dakika 10 au 15 vinavyoweza kupakuliwa kwenye simu na kusomwa ndani ya basi lisilo na mtandao.

Vipande hivyo vifupi vina msingi wa kisayansi pia. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha jinsi mtu anavyosahau kwa kasi mwanzoni na kisha polepole, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku huhifadhi zaidi kuliko marudio mengi ya kikao kimoja. Hapana mtu anayepaswa kuielewa kanuni hiyo upesi kuliko mwanamichezo, ambaye anajua kwamba misuli hujengeka wakati wa kupumzika na kwamba hakuna anayejiandaa kwa marathoni kwa kukimbia kilomita 200 usiku wa kuamkia mashindano. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, mtihani ukikaribia, hukesha na vitabu kama wenzake wote. Kozi iliyoandaliwa vizuri humrudishia maswali ya juzi leo, na ya wiki iliyopita kesho, na humfanya asome jinsi anavyofanya mazoezi.

Lakini mtandao una udhaifu mmoja mkubwa, nao ni upweke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu kozi huria zilizotolewa na Harvard na MIT ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo 2017–18 ni takriban asilimia 3 tu ya washiriki wote waliozimaliza, ingawa miongoni mwa waliolipia cheti waliomaliza walikuwa karibu nusu. Takwimu hizo hazikuhusu wanamichezo, na wengi wa walioacha hawakuwa na nia ya kumaliza tangu mwanzo. Hata hivyo zinatosha kuonyesha kwamba mlango ulio wazi saa zote ni rahisi kutokea kama ulivyo rahisi kuingilia. Mwanamichezo aliyekimbia kilomita 30 asubuhi anahitaji kitu cha kumvuta arudi kwenye somo jioni, na hapo ndipo wabunifu walipoufikiria mchezo.

Neno mchezo lina kazi nyingi katika Kiswahili: mpira ni mchezo, bao ni mchezo, tamthilia ya jukwaani ni mchezo, na jambo zito huambiwa kuwa si mchezo. Kwa hiyo ni lazima kutenganisha vitu viwili ambavyo wauzaji wa programu hupenda kuvichanganya. Cha kwanza ni kulitia somo mapambo ya mchezo, yaani pointi, nishani, orodha ya wanaoongoza, na kengele inayomkumbusha mwanafunzi kwamba amesoma siku 12 mfululizo na asikatishe. Cha pili ni mchezo wa kujifunzia wenyewe, ambao somo lake haliwezi kutenganishwa na uchezaji wake. Mmarekani Clark Abt aliupa mchezo wa aina hii ya pili jina na hoja katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, lakini vitendo vilitangulia nadharia: Edwin Link alitengeneza mwaka 1929 chombo cha kuigiza urushaji wa ndege, na baada ya hapo marubani wengi wakaanza kukosea ardhini kwanza, mahali ambapo kosa haliui.

Mapambo ya aina ya kwanza yana faida ya muda mfupi, hasa kwa watu waliozoea kushindana, lakini yana sumu ndani yake. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwafanyia jaribio watoto wa chekechea huko Marekani waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe iwapo wangechora, wengine hawakuahidiwa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, cheti kilipokuwa hakitajwi tena, waliokuwa wameahidiwa walichora kwa muda unaokaribia nusu tu ya ule wa wenzao. Zawadi ilikuwa imekula raha ya kuchora. Mwanamichezo ambaye maisha yake yote tayari ni saa ya kupimia, jedwali la matokeo na medali, akipewa jedwali jingine la matokeo kwa ajili ya masomo yake, huenda asipate chumba cha pili kilichotajwa hapo juu. Atakuwa ameongezewa uwanja mwingine wa kushindwa.

Mchezo wa kujifunzia wa kweli hufanya kazi tofauti. Kwa kawaida hujengwa kama mwaka au msimu mmoja wa mwanamichezo wa kubuni, na kila zamu ya mchezaji ni wiki moja. Mchezaji hupewa akiba ndogo ya vitu vinavyopungua, kama vile saa, nguvu za mwili, fedha na subira ya watu wa karibu, kisha huletewa matukio: kocha ameongeza mazoezi, tarehe ya mtihani imegongana na safari, wakala ameleta mkataba wenye kurasa 14 na anataka sahihi leo, kifundo cha mguu kimevimba, mfadhili anataka picha mtandaoni kila siku. Kila uamuzi hugharimu kitu, na gharama nyingine hazionekani papo hapo. Anayejua bao ataelewa jambo hili bila maelezo marefu, kwa kuwa anayejivunia kula kete nyingi katika zamu moja bila kutazama nyumba yake itabaki na nini, hugundua zamu tatu baadaye kwamba alikuwa akishangilia hasara. Mchezaji wa mchezo wa kujifunzia aliyekopa usingizi Machi ili apite mtihani huumia Mei, na kwa kuwa mchezo hauchukui zaidi ya nusu saa, anaweza kuurudia msimu uleule na kujaribu kumwandikia mhadhiri Februari badala ya kusubiri.

Kumwandikia mhadhiri mapema ni kitu kidogo, lakini ndicho ambacho hakifundishiki kwa mhadhara. Utafiti wa taaluma pacha uliofanywa kwa ushirikiano wa nchi kadhaa za Ulaya ulipouliza wanafunzi wanamichezo wanahitaji stadi gani, haukutaja ujuzi wa somo fulani, bali ulizikusanya stadi hizo katika mafungu kama vile kupanga na kusimamia mambo mawili kwa pamoja, kujitambua kihisia, kuhusiana na watu, na kupanga kazi ya baadaye. Maarifa ya kupokea, kwa mfano kanuni za dawa zilizopigwa marufuku au maana ya vifungu vya mkataba, yanafundishika vizuri kwa kozi ya kawaida, na kozi kama hizo zipo bila malipo: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ina jukwaa la Athlete365, na shirika la kupambana na dawa hizo, WADA, lina jukwaa la mafunzo liitwalo ADEL. Kusema hapana kwa wakala mwenye haraka, au kumwomba kocha mkali ruhusa ya siku moja, ni jambo la mazoezi, na mazoezi huhitaji mahali pa kuyafanyia.

Hata hivyo, mchezo peke yake hufundisha kidogo kuliko inavyodhaniwa. Waliozoea kufundisha kwa michezo husisitiza mazungumzo yanayofuata, ambapo wachezaji hukaa pamoja na kuulizwa waliamua nini, kwa nini, na kama maisha yao halisi yanafanana na yale ya kwenye skrini. Bila kikao hicho mchezaji mwerevu hujifunza mbinu za kuushinda mchezo tu. Hugundua, kwa mfano, kwamba programu inatoa pointi nyingi kwa anayelala kwa muda wa saa tisa, basi humlaza mwanamichezo wake wa kubuni kwa saa tisa kila siku, huku yeye mwenyewe yu macho saa saba usiku akicheza. Mradi unaonunua mchezo na kusahau kumlipa mtu wa kuongoza mazungumzo umenunua nusu ya bidhaa, na kwa bahati mbaya nusu hiyo ndiyo inayopigwa picha vizuri kwa ajili ya ripoti ya wafadhili.

Hatari nyingine ni ya kimaadili. Ulegevu wa ratiba, usipokuwa na uzito wa masomo ndani yake, hugeuka kuwa mlango wa nyuma. Mwaka 2014 ripoti rasmi kuhusu Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill ilieleza kwamba kwa miaka 18, kati ya 1993 na 2011, zaidi ya wanafunzi 3,100 walisajiliwa katika masomo yasiyokuwa na mihadhara wala usimamizi wa mhadhiri, ambayo kazi yake ilikuwa karatasi moja iliyosahihishwa kwa huruma, na karibu nusu ya wanafunzi hao walikuwa wanamichezo. Masomo hayo hayakuwa ya mtandaoni, lakini kila chuo kinachowaandalia wanamichezo kozi ya peke yao kinapaswa kuikumbuka kesi hiyo. Kuusogeza mtihani kwa wiki mbili ni haki ya mwanamichezo, ila mtihani uliopunguzwa humwacha na cheti kisichojibu swali lolote siku ya usaili wa kazi.

Afrika Mashariki, yenye hazina kubwa ya wakimbiaji, ina sababu ya kuutazama mjadala huu kwa macho yake. Ajira ya vikosi vya ulinzi na usalama imewafaa wengi, kwa kuwa inampa mtu mshahara, tiba na muda wa mazoezi. Alphonce Simbu, Mtanzania aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025, ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Nafasi hizo ni chache, hata hivyo, ukizilinganisha na vijana wanaoamka gizani kukimbia katika barabara za vumbi za Iten nchini Kenya na Arusha nchini Tanzania, ambao wengi wao wamemaliza sekondari na kuyaweka masomo pembeni wakingoja mbio moja itakayowabadilishia maisha. Ratiba yao, kwa juu juu, inaonekana kuwa na nafasi tele: mazoezi makali ni asubuhi, mepesi ni jioni, na mchana ni wa kulala. Lakini usingizi huo wa mchana ni sehemu ya kazi, na kozi inayoudai wote itatupwa, na itastahili kutupwa. Inayofaa ni ile inayoomba dakika 30 au 40 baada ya chakula, iliyoandikwa zaidi kuliko kurekodiwa, kwa sababu video ndefu humaliza bando kabla somo halijaisha, na iliyo katika lugha ambayo mkimbiaji huiongea kambini. Kozi nyingi zilizopo zimetungwa Ulaya kwa Kiingereza, na mifano yake ya kodi, bima na mkataba ni ya huko. Mchezo wa kujifunzia uliotungwa kwa ajili ya Iten ungekuwa na matukio yake wenyewe: ndugu wanaoomba ada ya shule siku ileile fedha za ushindi zinapoingia, meneja anayekaa nchi ya mbali, shamba linalouzwa kwa bei ya chini isiyo ya kawaida na hati isiyoonekana. Vyombo vya kuanzia vipo, kwa kuwa Tanzania ina Chuo Kikuu Huria chake na Kenya ilianzisha chake mwaka 2023. Kisichoonekana bado ni shirikisho la riadha kukaa mezani na chuo cha namna hiyo na kalenda ya mashindano mkononi.

Katika miaka ya 1970 njia ya kuunganisha mambo haya mawili ilikuwa ni kuvuka bahari. Henry Rono alikwenda Washington State University, na mwaka 1978 akavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 akiwa mwanafunzi. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, alisoma Texas. Na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alianzia katika chuo kimoja kidogo cha New Mexico, akaendelea na masomo hadi shahada ya udaktari, na akarejea Kenya kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mihadhara aliyoifuata Boit mbali kiasi hicho leo inaweza kufunguliwa kwenye simu ya mkononi chini ya mti huko Iten. Vitu vingine alivyovikuta kule havijaingia kwenye simu: kocha na mhadhiri walioajiriwa na chuo kimoja, wenzake waliokuwa wakikimbia naye alfajiri na kukaa naye darasani saa nne, na ofisi iliyokuwa ikijua, kabla ya wiki kwisha, ni mwanafunzi gani aliyekosa darasa na kwa sababu gani.